Kuunganisha Kipokezi cha Bluetooth na Stereo ya Zamani katika Nyumba ya Mawe ya Lamu

Stereo iliyomo ukumbini kwetu Mkomani ililetwa na mjomba alipokuwa akifanya kazi Ghuba, nayo ina amplifaya nzito ya chuma, kinasa cha kaseti, kinanda cha santuri na spika mbili za mbao ambazo besi yake haikaribiwi na kijispika chochote cha plastiki. Kwa miaka mingi ilikaa imefunikwa kitambaa, kwa kuwa kaseti zilikuwa zimeingia ukungu na muziki wote ulikuwa umehamia kwenye simu. Kilichoirudisha kazini ni kipokezi cha Bluetooth, kidude kinachoenea kiganjani, ambacho hupokea muziki kutoka kwenye simu kwa mawimbi ya redio na kuukabidhi kwa amplifaya kupitia waya wa kawaida. Kazi ya kuunganisha yenyewe haizidi robo saa. Kinachomchosha mtu, hasa katika nyumba zetu za mawe, ni kujua tundu lipi la kuchomekea, pahala gani pa kukiweka kipokezi mbele ya kuta nene kiasi hiki, na umeme wake utoke wapi ili spika zisivume.

Anza nyuma ya amplifaya

Kabla ya kununua chochote, igeuze amplifaya taratibu na uusome mgongo wake kwa tochi. Utaona matundu ya mviringo yaliyopangwa mawili mawili, jekundu la upande wa kulia na jeupe au jeusi la upande wa kushoto, na juu ya kila jozi pameandikwa jina. Jozi zinazokufaa ni zile zilizoandikwa AUX, CD, TUNER, VIDEO au TAPE PLAY, kwa sababu zote zinatarajia sauti ya nguvu ileile ambayo kipokezi huitoa, yaani isiyozidi volti moja au mbili. Majina hayo yanaonyesha tu kile ambacho mtengenezaji alidhani utakichomeka. Amplifaya haitalalamika ukichomeka kingine. Jozi iliyoandikwa REC au TAPE OUT iache, kwa maana hiyo hutoa sauti kwenda kwenye kinasa na haipokei kitu. Ukilazimika kutumia TAPE PLAY kwa sababu nyingine zimejaa, kumbuka kwamba katika amplifaya nyingi sauti ya jozi hiyo haisikiki mpaka kitufe cha TAPE MONITOR kibonyezwe upande wa mbele, na nimewahi kuitwa nyumba ya jirani kutazama stereo "iliyoharibika" ambayo tatizo lake lilikuwa kitufe hicho tu.

Jozi moja ni mtego, nayo ni PHONO. Sindano ya santuri ya kawaida hutoa sauti dhaifu mno, takriban milivolti 5, yaani sehemu tano za elfu moja za volti, kwa hiyo nyuma ya tundu la PHONO pana saketi ya ziada inayoikuza sauti hiyo kama mara mia moja, tena ikiinua besi na kushusha sauti nyembamba kwa kipimo maalumu, kwa sababu santuri hukatwa kwa kipimo kilicho kinyume chake. Ukichomeka kipokezi hapo, muziki hutoka umepasuka, mzito na wa kukera, na mtu asiyejua hukilaumu kipokezi kuwa ni cha bandia. Kiache kinanda cha santuri pahala pake na utafute jozi nyingine.

Stereo za Ulaya za zamani, kama zile za Grundig na Philips za miaka ya 1970, mara nyingi hazina matundu hayo ya rangi bali zina tundu moja pana lenye vijitundu vitano vilivyopangwa kama mwezi mwandamo, liitwalo DIN. Hizi nazo zinaungika. Katika tundu la kinasa la amplifaya, sauti huingia kupitia pini ya 3 kwa upande wa kushoto na pini ya 5 kwa upande wa kulia, na pini ya 2 ya katikati ndiyo ya pamoja. Pini za 1 na 4 hupeleka sauti nje kwa ajili ya kurekodi. Nyaya zilizokwisha kutengenezwa, zenye plagi ya DIN upande mmoja na plagi nyekundu na nyeupe upande wa pili, zinauzwa, lakini nyingine zimeungwa pini za kurekodia, kwa hiyo ukipata kimya kitupu usishangae: huenda umenunua waya wa mwelekeo usio wako, na fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuuhamisha kwa dakika chache.

Ikiwa chombo chako ni redio ya kaseti isiyo na tundu lolote la kuingizia sauti, njia iliyo salama ni kaseti ya bandia, yaani ganda lenye umbo la kaseti ambalo ndani yake pana kijisumaku kinachogusana na kichwa cha kinasa, na waya wake huchomekwa kwenye kipokezi. Sauti yake haifikii ile ya waya wa moja kwa moja, ila inasikilizika vizuri. Fundi stadi anaweza pia kukutobolea tundu na kuliunga karibu na kitufe cha sauti ndani ya redio, lakini kazi hiyo usiijaribu mwenyewe, kwa kuwa baadhi ya redio za zamani sana, hasa zile zinazotumia taa za vioo (vali) badala ya transista, zilitengenezwa bila transfoma na mwili wake wa chuma umeshikana moja kwa moja na stima ya volti 240. Ukiunga waya wa kipokezi kwenye mwili huo, umeme unakufuata mpaka kwenye kidude unachokishika mkononi.

Kukichagua kipokezi

Dukani, jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba unapewa kipokezi na si kitumaji. Vidude hivi hufanana, na vingine hufanya kazi zote mbili kwa swichi ndogo ya pembeni iliyoandikwa TX (kutuma) na RX (kupokea). Kwa kazi yetu swichi lazima iwe kwenye RX. Vile vya kuchomekwa kwenye tundu la sigara la gari haviwezi kutusaidia, na mjini kwetu, ambako mizigo bado inabebwa na punda, sijui vinauzwa kwa nani.

Sanduku litakusomea majina mengi ya kodeki, yaani namna ambavyo muziki unabanwa ili upite hewani. Kila kipokezi cha muziki na kila simu hujua SBC, ambayo katika kiwango chake cha juu cha kawaida husafirisha kilobiti 328 kwa sekunde. Simu za iPhone hutumia AAC na hazina aptX wala LDAC, hivyo mwenye iPhone asilipie zaidi kwa ajili ya majina hayo mawili. Mwenye simu ya Android anaweza kuyatumia ikiwa simu yake inayo, na LDAC, iliyotengenezwa na Sony, hufika kilobiti 990 mawimbi yakiwa na nguvu. Kwa maoni yangu, anayesikiliza taarabu iliyonakiliwa kutoka kwenye kaseti za zamani hatatambua tofauti, kwani mvumo wa ule utepe ulikwisha kuamua ubora wake kabla Bluetooth haijazaliwa. Nambari ya toleo nayo isikubabaishe. Masafa marefu yanayotangazwa pamoja na Bluetooth 5 yanahusu mfumo wa kutumia umeme kidogo, ilhali muziki kwenda kwenye stereo kama hii unapita katika mfumo ule wa zamani. Bora fedha hiyo uitie katika kipokezi chenye antena ya nje, matundu mawili ya sauti ya rangi nyekundu na nyeupe, na tundu la umeme wa volti 5 kama la simu. Kipokezi cha betri kitakulazimu kukichaji kila siku mbili tatu, na kwa stereo isiyohama huo ni usumbufu wa bure.

Ukuta wa mawe na pahala pa kipokezi

Hapa ndipo miongozo iliyoandikwa kwa nyumba za mbao na matofali membamba inapotuacha. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wake ni kama sentimita 12, na vifaa vingi vya nyumbani huahidiwa kufika mita 10 mahali pa wazi. Ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hukaribia nusu mita au kuipita. Juu ya hayo, mawe hayo hunywa unyevu, na maji ndiyo adui mkubwa wa mawimbi ya aina hii. Kwa hiyo usitarajie simu iliyoko ndani, chumba cha nyuma kabisa, iifikie stereo iliyoko msanani, yaani ukumbi mrefu unaotazama ua wa nyumba, kwa kupenya ukuta. Mawimbi yatafika yakipita mlangoni, au yakitokea kiwandani, yaani kwenye ua huo wa ndani ya nyumba, na kurudishwa na kuta, kama vile mwanga wa taa unavyokatiza kona.

Kanuni ninayoifuata ni kukichukulia kipokezi kama taa ya chemni: kiweke pale ambapo, kama kingekuwa kinawaka, mwanga wake ungeonekana kutoka sehemu nyingi za nyumba. Katika nyumba yenye kiwanda, pahala bora ni kando ya mlango unaotazama kiwanda, kwa kimo cha kifua, ili anayekaa barazani ndani, anayepika na anayepumzika msanani wote wakione. Usikiweke ndani kabisa ya kidaka, yaani kishubaka cha ukutani. Najua zidaka za ukutani zinavutia, na kidude kidogo hukaa humo kama kilichongewa, lakini mawe hukizunguka pande tano na kukiachia upande mmoja tu wa kuonea. Usikiweke pia juu ya amplifaya yenyewe, kwa kuwa chuma chake huzuia mawimbi, transfoma yake huleta mvumo, na joto lake halikifai. Kioo kikubwa cha ukutani chenye rangi ya fedha nyuma, kabati la chuma na paa la mabati huzuia pia. Dari ya boriti na paa la makuti vina huruma zaidi.

Kwa kuwa amplifaya haihamishiki, kihamishe kipokezi. Waya wa sauti wenye ngao ya nyuzi za shaba unaweza kuwa na urefu wa mita 3 hadi 5 bila ya masikio kugundua upungufu wowote. Usiulaze sambamba na waya wa stima. Ikibidi vikutane, vikatizane kama msalaba. Kabla ya kupigilia kishikizo chochote ukutani, shikilia kipokezi kwa utepe wa karatasi wenye gundi, anzisha muziki, kisha tembea na simu nyumba nzima, mara ikiwa mkononi, mara ikiwa mfukoni upande wa nyuma, kwa sababu mwili wa mtu umejaa maji na nao huyameza mawimbi. Pale muziki unapokatika, weka alama akilini, kisogeze kipokezi nusu mita, ujaribu tena. Mimi nilihitaji majaribio manne, na tofauti kati ya la tatu na la nne ilikuwa urefu wa mkono mmoja.

Ruta ya intaneti inayotumia gigahezi 2.4 hushindania hewa ileile. Bluetooth hurukaruka baina ya njia 79, mara 1,600 kwa sekunde, na huzikwepa zile zenye fujo, lakini ikiwekwa ubavuni mwa ruta hubaki haina pa kukimbilia. Ziachanishe kwa mita moja au mbili, na ikiwa ruta yako ina gigahezi 5, zihamishie simu zako huko.

Kuunganisha

Zima amplifaya na uichomoe ukutani. Chomeka plagi nyekundu katika tundu jekundu na nyeupe katika jeupe, ukizisukuma mpaka mwisho huku ukizizungusha kidogo ili zikwangue kutu. Plagi iliyoingia nusu ndiyo chanzo cha mvumo mwingi. Upande wa pili ufanye vivyo hivyo kwenye kipokezi. Rudisha kitufe cha sauti cha amplifaya hadi sufuri, kipe kipokezi umeme kwanza, kisha uwashe amplifaya na kuchagua jina la jozi uliyotumia.

Shikilia kitufe cha kipokezi mpaka taa yake ianze kupepesa kwa haraka, kwa kawaida buluu na nyekundu kwa zamu. Kwenye simu ingia katika mipangilio ya Bluetooth, gusa maneno ya kuoanisha kifaa kipya, na uchague jina la kipokezi litakapojitokeza. Kikiomba namba ya siri na karatasi yake haisemi kitu, jaribu 0000, kisha 1234. Taa ikitulia, kazi imekwisha. Ikiwa kipokezi chako kina maikrofoni, tazama katika mipangilio yake simuni na uondoe ruhusa ya kupokea simu, ukiacha ile ya sauti za muziki pekee. La sivyo, shangazi akipiga simu katikati ya wimbo, maneno yake yatasikika mpaka kwa jirani.

Sasa pandisha sauti ya simu hadi karibu na mwisho, kama sehemu tisa kwa kumi, na uanze kupandisha ile ya amplifaya polepole. Watu wengi hufanya kinyume, wakiiacha simu chini na kuizungusha amplifaya hadi mwisho, na wanachokikuza ni mchachariko wa saketi pamoja na muziki mdogo. Sauti ikipasuka hata amplifaya ikiwa chini, rudisha ya simu nyuma kidogo.

Baada ya hapo lipo jambo la ujirani. Vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba dirisha la ghorofani la nyumba moja linatazamana na la nyumba nyingine, na vipokezi vya bei nafuu humkubali yeyote anayeviomba pindi visipokuwa na mtu. Alasiri moja stereo yetu ilianza yenyewe kupiga bongo fleva kwa kishindo, na mama akadhani imepagawa, kumbe ni mtoto wa nyumba ya pili aliyekuwa anatafuta spika yake akagusa jina lisilo lake. Chagua kipokezi ambacho hakioani mpaka kitufe kibonyezwe, au kikatie umeme kila unapomaliza kusikiliza. Kukikatia umeme kuna faida nyingine wakati wa adhana: anayetaka kunyamazisha hahitaji kuitafuta simu iliyo mfukoni mwa mtu aliyetoka.

Spika zikivuma

Mvumo mzito usiobadilika hutokana na stima, ambayo kwetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na kuutibu ni kazi ya kuondoa kimoja kimoja mpaka mwenye kosa abaki peke yake. Kwanza chomoa plagi zote za sauti zinazoingia kwenye amplifaya: mvumo ukibaki, kosa liko ndani ya amplifaya na ni la fundi, mara nyingi kapasita zilizozeeka. Ukiondoka, zirudishe plagi na ukilishe kipokezi kwa pawabenki badala ya chaja. Ukimya ukirejea, chaja ndiyo mbaya. Chaja nyepesi za bei ya chini huchafua umeme wake kwa kelele, hasa ule mlio mwembamba kama wa mbu, na chaja nzuri ya simu huumaliza. Pawabenki yenyewe ni kipimo kizuri cha uchunguzi lakini haitadumu kazini, kwa kuwa nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo kama huu.

Ikiwa mvumo upo hata kwa pawabenki, tazama ni nini kingine kimeungwa na amplifaya. Televisheni yenye waya wa antena au wa dishi la juu ya paa hufungua njia ya pili ya ardhini, na umeme mdogo huzunguka baina ya njia hizo mbili kupitia waya wako wa sauti. Chomoa waya wa antena kwa muda. Mvumo ukinyamaza, umeupata. Dawa yake ni kisanduku kidogo chenye transfoma mbili za sauti, ambacho hukaa katikati ya waya na kupitisha muziki huku kikikata mzunguko huo. Wapo wanaoing'oa pini ya ardhi katika plagi ya ukutani ili kunyamazisha mvumo. Usikubali kufanyiwa hivyo hata na fundi, kwa sababu pini hiyo ndiyo inayokulinda siku waya wa stima utakapogusa chuma cha amplifaya, na sakafu ya chokaa yenye unyevu ni njia rahisi ya umeme kuupitia mwili.

Stima inapokatika, izime amplifaya ukutani na usingoje irudi, maana hurudi kwa kishindo, na spika za mjomba hazina vipuri.

Chumvi

Hewa ya bahari hula shaba na nikeli. Miezi ya kusi, mvua na unyevu vinapozidi, plagi huota ukungu wa kijani na sauti ya upande mmoja huanza kuja na kwenda. Mara moja kwa mwezi zima kila kitu, chomoa plagi, zifute kwa pamba iliyotiwa spiriti safi, ziache zikauke, kisha zirudishe kwa kuzizungusha. Siki na mafuta ya kupikia ambayo wengine hupendekeza huharibu zaidi kuliko chumvi. Kipokezi usikifunge kabisa ndani ya mfuko wa plastiki, kwani jasho la unyevu hubaki humo. Kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi kinatosha.

Iwapo baada ya hayo upande mmoja bado uko kimya, badilishana plagi nyekundu na nyeupe nyuma ya amplifaya tu, ukiacha za upande wa kipokezi kama zilivyo. Ukimya ukihamia spika ya pili, ubovu uko kwenye waya au kipokezi, na waya ndio wa kubadilisha kwanza kwa kuwa ni wa bei rahisi. Ukimya ukibaki palepale, kipokezi hakina kosa: kagua waya wa spika hiyo nyuma ya amplifaya, ukate ncha iliyooza na kuuchuna upya, na usiposikia kitu, ibebe amplifaya kwa fundi.